Bunduki ya Kina Chengo

Katika miaka yote niliyofanya kazi na bunduki, sijawahi kufyatua hata moja. Nalisema hili mapema kwa sababu kule kwetu Kisauni wapo wanawake ambao wakikosana na waume zao hulitaja jina langu kama tishio: "Ngoja nimwite Mama Dama!" Mchungaji wetu naye, alipopata habari za kazi yangu mara ya kwanza, alinikalisha chini akaniuliza kama wokovu wangu ni wa kweli. Nilimjibu kwamba mimi nazipangusa tu. Akaniombea hata hivyo, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Ninyi mnaobaki pale kwenye makumbusho ya Mkomani mliniomba, siku ile ya kuniaga, niandike mambo yalivyokuwa kabla ya mashine ya kunyonya unyevu na kamera za ukutani. Basi nimeandika. Habari za vyeo hamtazipata, kwa kuwa cheo chetu kilikuwa kimoja tu, mpangusaji, na aliyetuzidi alikuwa mwenye mali mwenyewe.

Mwenye mali alikuwa Bwana Pinto, Mgoa, mzaliwa wa Mombasa, aliyefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini mpaka akachoka. Wengi wenu mmemkuta pichani tu, ile iliyoko mlangoni, amekunja uso. Msidhani picha ilimwonea, kwani uso wake ulikuwa vile vile hata akifurahi. Wenzake walipenda magari, wengine walipenda kamari, na yeye alipenda bunduki za zamani za jeshi la Mwingereza. Alizifuata kwenye mashamba ya wazungu waliokuwa wakihama, kwenye minada, kwenye mabohari yaliyosahauliwa. Zote zilikuwa zimezibwa mitutu kama sheria inavyotaka, na kila mwaka ofisa wa leseni wa polisi alikuja kuzikagua moja moja huku Bwana Pinto akimfuata nyuma kama mama aliyempeleka mwanawe hospitali.

Mimi nilikwenda pale kutafuta kazi ya kufagia. Tulikuwa watatu getini asubuhi ile. Mmoja alikuwa na barua ya mchungaji, mwingine alikuwa na barua ya chifu, nami sikuwa na kitu. Aliyetupokea alikuwa Mzee Salim, fundi wa silaha aliyestaafu jeshini, mtu wa Kisauni wa asili, kofia yake nyeupe daima, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Hakutuuliza tumesoma wapi. Alimpa kila mmoja kipande cha chuma kilichosuguliwa kikang'aa, ukubwa wa biskuti, akasema tukishike mpaka amalize kahawa yake. Kahawa ile aliinywa kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Kisha akaviweka vipande dirishani, kila kimoja na alama yake ya chaki, akatuambia turudi kesho.

Kesho yake vipande viwili vilikuwa na alama za vidole, nyekundu, kutu mpya kabisa. Changu kilikuwa safi.

"Ndoo hapa, mwanangu," Mzee Salim aliniita. "Waitwaje?"

"Dama."

"Jasho lako halina chumvi nyingi, Dama. Wako watu ukiwapa chuma washike, kesho chuma kimeoza. Si kosa lao, ndivyo walivyoumbwa. Wewe utafaa, wallahi."

Nilipofika nyumbani kueleza, mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Alisema hajapata kusikia mtu aliyeajiriwa kwa kutotoka jasho.

Nyuma yangu waliajiriwa wengine wengi, nanyi mmepewa glavu, kwa hiyo jaribio lile halina kazi tena. Lakini bado nalikumbuka kwa mapenzi, maana lilinifundisha adui wetu ni nani kabla sijashika tambara. Adui ni chumvi. Iko katika hewa ya Mkomani, iko katika mkono wa mgeni anayesema "nagusa kidogo tu", na kusi likivuma inaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Mzee Salim alikuwa akiamka, nadhani, anavuta hewa puani, na akifika kazini anajua tuanzie rafu ipi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na kamba ndefu yenye kizito cha shaba mwisho mmoja na kitanzi cha tambara mwisho wa pili. Bunduki ikitufikia kabla haijazibwa, unakidondosha kizito ndani ya mtutu, kinatokea upande wa pili, unavuta. Kwa zile zilizozibwa tulitumia ufito. Tambara lilikuwa la franela, likatwe sawasawa. Likiwa jembamba halipangusi, likiwa pana linakwama na mtu atashinda kutwa akilibembeleza. Mafuta ya taa yalikuwa ya kulainisha uchafu wa zamani, mafuta ya kitani ya mbao, tone moja tu, kwa kiganja. Na mafuta ya nazi yalikuwa marufuku. Hilo nalirudia kwa sababu sisi watu wa pwani tukipenda kitu tunakipaka nazi. Kwenye nywele sawa, kwenye chuma yanaganda yakawa gundi, na gundi inashika vumbi, na vumbi linashika maji. Nusu ya bunduki zilizotufikia kutoka majumbani zilikuwa zimependwa hivyo kwa miaka mingi.

Mzee Salim alinifundisha kuzitambua kwa namna zinavyofunguka. Snider inafunguka ubavuni, kama mlango wa kabati. Martini-Henry ina wenzo chini. Ukiushusha, koo linafunguka juu. Lee-Enfield ina komeo, na hiyo ndiyo iliyokuwa kipenzi chake, kwani ndiyo aliyoitengeneza ujanani, kambi hadi kambi. Zote zina alama ya mshale wa serikali ya Mwingereza, ambayo sisi tuliiita mguu wa kuku. Miguu miwili ya kuku ikitazamana, maana yake jeshi limeiuza.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kufungua kile kilango kidogo cha shaba kwenye kitako. Askari waliwekewa humo kichupa cha mafuta na ile kamba, lakini binadamu akipewa kishimo chenye kifuniko hataacha kuficha kitu. Nimekuta vifungo vya shati, tumbaku iliyokuwa vumbi, ushanga, na jino la maziwa la mtoto. Mara mbili nilikuta hirizi. Bwana Pinto alitaka zitolewe ziwekwe kwenye kioo. Mzee Salim alizirudisha zilikokuwa akafunga kilango. "Ya mwenyewe hiyo," alisema, na Bwana Pinto, aliyekuwa akibishana na kila mtu, hakubishana naye.

Kuna jambo moja ambalo Bwana Pinto hakuweza kulisamehe, nalo ni mtu kuubadili mti wa bunduki. Siku moja alikuja bwana kutoka Likoni kuuza Lee-Enfield ya marehemu baba yake, ambayo alikuwa na leseni yake. Kwa kutaka kumfurahisha mnunuzi, alikuwa ameisugua kitako kwa msasa mpaka mti ukawa mweupe, kisha akaipaka vanishi mara tatu, ikang'aa kama kochi la harusi. Bwana Pinto aliitazama, akatoka nje barazani, akakaa. Yule bwana alidhani amekwenda kuchukua pesa.

"Ulipoitoa darini ilikuwa bunduki," Bwana Pinto alimwambia aliporudi. "Sasa ni mguu wa meza."

Wiki ile ile akaandika kwa rangi nyekundu yale maneno mnayoyaona hadi leo ukutani juu ya benchi letu: USIONGEZE, USIPUNGUZE. Na hakuwa na mzaha. Mwenzetu mmoja alikwangua doa kwa ncha ya kisu, doa dogo kuliko punje ya mtama, na jioni yake alikuwa hana kazi.

Nimewaeleza hayo ili mwelewe uzito wa siku ya Mama Kahaso.

Mwaka ule serikali ilitangaza msamaha. Mwenye silaha isiyo na leseni aisalimishe kabla ya siku iliyotajwa na hataulizwa neno. Ikikutwa kwake baadaye, atajibu mahakamani. Zilizosalimishwa zingechomwa moto. Bwana Pinto alisikia neno moto akavaa tai, akaenda kumwona ofisa wa leseni. Wakaelewana hivi: bunduki ya kale ya jeshi la Mwingereza ikiletwa kwetu na barua ya chifu, naye Bwana Pinto akatia sahihi kwamba ina thamani ya kihistoria, itazibwa mtutu ibaki. Asipotia sahihi, inakwenda motoni na nyingine.

Watu walikuja, lakini wengi walileta magobori ya kienyeji, na yeye hayo hakuyataka. Ilipobaki siku moja msamaha uishe, ikaingia tuktuk. Akashuka mzee wa mtaa ameshika barua, nyuma yake akashuka Mama Kahaso, mama mtu mzima wa Kigiriama, mwembamba, leso mbili, amekumbatia mkeka uliokunjwa ambao nchani mwake ilitokeza miwa miwili.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo kwa bunduki?"

"Ndipo."

"Basi nipokee, mikono yaniuma. Hii miwa ni ya kuzuga watu njiani. Mtaila wenyewe."

Tukaufungua mkeka juu ya benchi. Ilikuwa Martini-Henry, au kilichobaki cha Martini-Henry. Mtutu ulikuwa umekatwa karibu na nusu, kilengeo hakuna, wenzo umekazwa kwa waya. Mzee Salim aliinusa tu. "Nazi," akasema kwa huzuni. Mafuta yalikuwa yameganda juu yake tabaka juu ya tabaka, rangi ya sukari guru, huwezi kuuona mti.

Bwana Pinto akaja, akaigeuza mara mbili. "Imekatwa," akasema. "Namba hazilingani. Pole sana, mama, hii siwezi kuiweka. Ninazo nzima nne."

"Nikirudi nayo kwa chifu itakuwaje?"

"Itachomwa."

Mama Kahaso akaketi kwenye kiti changu bila kuambiwa. Akasema bunduki ile ilikuwa ya baba mkwe wake, Chengo, ambaye yeye mwenyewe hakumwona kwa macho. Chengo alikuwa mlinzi katika shamba la makonge, na mzungu wa shamba alimpa ile bunduki, imeshakatwa, afukuze nguruwe na nyani. Vikaja vita vya Mwingereza na Mjerumani. Chengo akachukuliwa kuwa mpagazi, akaenda upande wa Tanganyika na mzigo kichwani. Mzungu naye akaenda vitani. Hakurudi wa kuibeba wala wa kuidai.

"Hatujui alikufa wapi," akasema. "Kaburi hatuna. Picha hatuna, zamani zile nani alikuwa na picha? Tuna hii. Nilipoolewa mama mkwe wangu alinionyesha darini akaniambia, huyo ndiye baba yenu, mwamkieni. Mume wangu ameitunza mpaka akafa. Sasa vijana wana ugomvi wa shamba huko kwetu, na naogopa iko siku mmoja ataikumbuka. Kwangu haiwezi kukaa. Lakini kumchoma baba, mwanangu, nitaanzia wapi?"

Ili mikono yangu iwe na kazi, nikachukua tambara lenye mafuta ya taa nikaanza kulainisha nazi kwenye kitako, nitafute mguu wa kuku. Kidole changu kikaingia kwenye mkato. Kando yake kulikuwa na mwingine. Nikamwita Mzee Salim. Tukapangusa wote, na mikato ikatokea, imepangwa kwa mstari ulionyooka, kumi na moja.

Ninyi mnajua, na kila mtu wa kazi hii anajua, mikato kwenye kitako ni nini. Ni watu waliouawa. Askari akiua anakata. Tulikuwa tumeambiwa hivyo, tuliwaambia wageni hivyo, na zile zenye mikato ndizo wageni hupigia picha. Mzee Salim mwenyewe alivuta pumzi. "Roho za watu hizi," akanong'ona. Bwana Pinto alivaa miwani, akahesabu kwa kucha, akahesabu tena, na uso wake ukafunguka kidogo, jambo ambalo nililiona mara chache mno.

"Kumi na moja!" akasema. Akaanza kuongea Kiingereza, kama alivyozoea akisisimka, akizunguka chumba na kuonyesha vibandiko vya ukutani. Kwamba hii sasa ni habari nyingine. Kwamba ataiweka katikati, na kibandiko kikubwa: bunduki iliyoua watu kumi na mmoja. Akachomoa kalamu mfukoni, akaivuta ile fomu ya ofisa karibu.

"Asemaje?" Mama Kahaso akaniuliza.

"Anaichukua, mama. Haichomwi."

Alinishika mikono yote miwili akaibusu. Nami nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi kama ni babu yangu aliyeokolewa. Kisha akauliza, kwa furaha tu, kama mtu anavyouliza habari za nyumba atakayohamia binti yake: "Na mbona anaonyesha ukutani? Watamwandika nini?"

Nikamwambia.

Aliiachia mikono yangu. "Watu gani kumi na mmoja?"

"Hii mikato, mama," Mzee Salim akasema kwa upole. "Askari wakiua..."

"Chengo hakuua mtu! Aliua nguruwe!" Alisimama, na yule mzee wa mtaa akasimama naye. "Nani awakata nguruwe kwenye bunduki? Hawa ni watoto! Akizaliwa mtoto akapewa jina lake, anakatwa hapa. Hawa ni kina Chengo!"

Bwana Pinto aliacha kuzunguka. Kalamu ilikuwa bado mkononi.

"Hebu tazama wewe," Mama Kahaso akamwambia, akaweka kidole kwenye mkato wa kwanza, uliochakaa ukawa laini. "Huyu ni Chengo mwanangu mkubwa, yuko Changamwe, ameendesha malori mpaka macho yamechoka. Huyu ni Chengo wa Likoni, wa shemeji yangu. Huyu hakumaliza mwaka, surua ilimchukua. Huyu alipanda meli na hajarudi, lakini hupiga simu. Huyu ni mwalimu, huko kazini ajiita Jackson, lakini hapa ni Chengo tu. Huyu yuko jela. Sikufichi, baba, ni wetu." Kidole kilikwenda mpaka kikafika wa kumi na moja, na hakukosea wala kusita kwa mmoja. "Sasa kama mtamwandika muuaji, nirudishieni mkeka wangu. Bora achomwe nilie siku moja, kuliko wajukuu waje hapa wasome babu yao alikuwa jambazi."

"Bila hiyo, mama," Bwana Pinto akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, alikuwa anauliza kweli, "ina nini? Ni Martini iliyokatwa."

"Sijui ina nini. Mimi si mtu wa bunduki. Nimekuja na maombi mawili, la kwanza, asichomwe, naona limekataliwa, basi acha niseme na la pili. Kitukuu changu amezaliwa, Chengo. Ana meno mawili sasa. Hajakatwa. Tangu serikali ianze kutangaza redioni hatukuthubutu kuishusha darini, na mama yake ananiuliza kila siku, mwanangu yeye hahesabiwi? Hata kama itachomwa kesho, aingie na yeye. Nipeni kisu."

Sote, bila kupatana, tulitazama juu ukutani, kwenye yale maandishi mekundu. Mama Kahaso hakujua kusoma, lakini aliona tunakotazama.

Nilikuwa nimemjua Bwana Pinto miaka mingi, na ningeapa kwamba atamfukuza. Alivua miwani akaipangusa kwa shati. "Mimi nina jina la babu yangu," akasema mwisho. "Amezikwa Goa. Sijawahi kufika." Akainama akatia sahihi ile fomu, haraka, kama mtu anayeogopa kubadili nia. Halafu akamgeukia Mzee Salim. "Kisu hapana, kitapasua mti. Mpe patasi ile ya robo inchi. Inoe kwanza."

"Nimkatie, mama?" Mzee Salim akauliza.

"Ahsante, baba. Hukatwa na mtu wa nyumba."

Nikakishika kitako mapajani kwangu, nimekikaza kwa mikono yote miwili. Yeye akaishika patasi. Mzee Salim alisimama juu yake akisema, "Taratibu, fuata uzi wa mti, usisukume, mama, acha patasi ikate yenyewe." Bwana Pinto alishika taa ya mezani akamulika, na nikaona kila patasi ilipozama alifumba macho. Pigo la kwanza likaingia, la pili likakutana nalo, kipande kidogo kikaruka. Mti ndani ulikuwa wa rangi ya maziwa ya chai, mpya, kando ya mikato ile mingine iliyokuwa myeusi. Mama Kahaso akaupuliza. "Chengo," akasema. Mzee wa mtaa naye akasema, "Chengo." Mimi nililia, na machozi yana chumvi, kwa hiyo Mzee Salim akaniondolea bunduki mapajani.

Kwa utaratibu wetu chochote kinachotoka kwenye bunduki, hata kipande cha kutu, kinawekwa kwenye bahasha. Mama Kahaso alikusanya yale mabanzi kwa kidole kilicholoweshwa mate, akayafunga kwenye pindo la leso yake kumpelekea mtoto. Sikumzuia. Bwana Pinto alikuwa amegeuka kutazama nje, kisha akasema bila kugeuka, "Na mtu asiipake vanishi."

Mtutu ukazibwa wiki iliyofuata. Kibandiko alikiandika mwenyewe, nacho ni kile kile mnachokiona: Martini-Henry, mtutu umekatwa, bunduki ya kina Chengo. Wageni wengi huipita. Mkiona siku hizi ina mikato zaidi ya kumi na mbili, msishangae na msiandike ripoti ya uharibifu. Familia ile imebarikiwa. Huja mtu na habari, wakati mwingine na mtoto mwenyewe mgongoni, tunampa patasi ya robo. Iko kwenye droo ya pili, inoeni kwanza. Bwana Pinto hayupo tena, Mzee Salim hayupo, na Mama Kahaso tulimzika, nami nilikuwa mmoja wa waliotia mchanga.

Siku ile, kabla hajapanda tuktuk, aliomba aonyeshwe mahali bunduki itakapokaa. Nikampeleka kwenye chumba cha maonyesho. Alisimama mlangoni akachungulia.

"Hapana dirisha," akasema.

"Hewa ya bahari inaila, mama. Na jua linaua mti. Taa tunawasha wageni wakija tu."

"Na wageni wasipokuja?"

"Basi huwa giza."

Akafikiri kidogo, akajifunga leso vizuri. "Alikufa mahali asipojulikana, mwanangu," akasema. "Siku moja moja mwashieni taa."

Nimefanya hivyo kila Ijumaa kabla ya kufunga, mpaka wiki niliyostaafu. Nilikuwa naingia, nawasha, nakaa kidogo kwenye ule mkeka aliotuachia, nazima, naenda zangu Kisauni. Sikumwambia mtu, kwa kuwa najua jinsi mngecheka. Sasa nawaambia, kwa sababu Ijumaa imepita na mimi sikuwepo. Swichi iko kushoto ukiingia.